Kabla Mwali Haujagusa Ubao

Ndugu msomaji, mwezi uliopita niliharibu mfuniko wa sanduku ambalo halikuwa langu. Nalisema jambo hili mwanzoni kabisa, usije ukadhani kwamba anayekuandikia leo ni bingwa ambaye mkono wake haukosei. Sanduku lenyewe ni la mbao ya mninga, dogo kiasi cha kukaa juu ya magoti, na mwenyewe alikuwa mzee jirani yetu aliyestaafu kazi ya reli na kufariki dunia mwaka jana. Humo alitia barua zake, hati ya kiwanja, na picha za watoto wake walipokuwa wadogo. Mjane wake, ambaye sote mtaani twamwita Mama, alifika kwetu jioni moja na sanduku hilo limefungwa ndani ya kanga. Alikuwa amesikia kwamba nyumbani mwetu kuna mashine iandikayo juu ya mbao kwa mwanga. Akaomba tumwandikie juu ya mfuniko jina la marehemu pamoja na mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, kabla ya siku ya kumbukumbu.

Mashine ni ya mpwa wangu, aliyeinunua kwa fedha za kudunduliza. Kwa wale wasiopata kuiona, ni fremu ya chuma chepesi iliyo wazi katikati, upana wake kama wa meza ndogo ya kahawa. Juu ya reli mbili za pembeni hupita boriti moja, ikienda mbele na kurudi nyuma. Na juu ya boriti hiyo hupita kichwa cha leza, kikienda kulia na kushoto. Kutoka katika kichwa hushuka mwali wa buluu, mwembamba kama ncha ya sindano, nao huunguza ubao kila upitapo. Leza ya kwanza duniani iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwezi Mei 1960, naye alitumia fimbo ya rubi. Kwa miaka mingi baada ya hapo leza ilikuwa kitu cha maabara na viwanda vikubwa. Leo hii kijana wa mjini huiweka katika chumba cha uani, akaandika majina juu ya miko, vibao vya kukatia mboga na vishikizo vya funguo, akajipatia fedha ya nauli.

Watu wengi huwaza kwamba kazi ngumu katika mashine hii ni kujua nguvu ya mwali na mwendo wake. La hasha. Hayo mtu huyajifunza kwa kuunguza vipande vinne au vitano vya mabaki ya mbao. Kazi ngumu ni kukiweka kile kipande mahali pake, kikalala sawasawa, ili maandishi yaangukie pale ulipokusudia na yaende sambamba na ukingo. Mashine haina jicho. Haijui kwamba chini yake kuna sanduku la marehemu, wala haijui kama sanduku limekaa upande. Yenyewe huhesabu hatua za mota zake tu: kutoka pembe hii, milimita kadhaa kulia, milimita kadhaa mbele. Kama ubao haupo pale, itaandika juu ya meza bila ya kuona haya.

Nami siku ile nilijiamini. Tuliufungua mfuniko kutoka katika bawaba zake, nikaulaza chini ya mashine, nikausukuma hata ubavu wake wa kushoto ukagusa reli ya kushoto ya fremu. Nikatazama kwa jicho moja, kama wafanyavyo maseremala wanapokagua papi, nikasema umenyooka. Mpwa wangu akataka tupime kwanza. Nikamwambia kwamba jicho la mtu mzima lina kipimo chake. Tukawasha. Baada ya dakika chache tukafuta moshi, na jina likatokea jeusi, zuri, herufi zake kali. Likiwa limeinama.

Mama alipokuja hakusema neno kwa muda. Alipitisha kidole chini ya jina kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akasema, “Mwanangu, jina la Mzee limelala.” Nikamjibu, “Nisamehe, Mama. Nitalinyanyua.” Nilisema hivyo bila ya kujua nitafanyaje, maana mbao iliyoungua haiunguuki.

Tulipima. Jina lilikuwa na urefu wa milimita 180, na mwisho wake ulikuwa umeshuka milimita 4 kuukaribia ukingo wa mbele kuliko mwanzo wake. Pengine utasema, milimita 4 ni kitu gani? Ni unene wa sarafu mbili zilizobebana. Lakini chukua karatasi, piga mstari sambamba na ukingo wake, kisha piga mwingine uliopotoka kiasi hicho, umwonyeshe mtoto wa darasa la pili. Atakuambia mara moja upi umepinda. Jicho la binadamu ni dhaifu katika kupanga, ila ni kali mno katika kulaumu, hasa linapokuwa na ukingo ulionyooka karibu wa kulinganishia. Digrii moja tu ya kupotoka huzaa milimita tatu na nusu katika urefu wa milimita 200.

Basi ikatulazimu kuitafuta ile milimita 4 ilikotoka. Hapa ndugu msomaji naomba uvumilivu wako, kwa kuwa tulichokigundua ni kwamba haikutoka mahali pamoja.

Kwanza tulichukua skwea ya seremala. Nayo tuliijaribu kabla ya kuiamini: unapiga mstari kwa penseli kwenye ubao wenye ukingo ulionyooka, unaigeuza skwea upande wa pili, unapiga mstari mwingine kutoka nukta ileile, mistari ikilaliana, skwea ni ya kweli, ikiachana kama mkasi, irudishe dukani. Yetu ilikuwa ya kweli. Tukaiweka katika pembe ya mfuniko. Ubavu wa kushoto ulikaa vizuri, lakini ukingo wa mbele uliachana na skwea polepole, hata mwisho wake, umbali wa milimita 250, mwanya ukawa milimita 3 na nusu. Mfuniko wenyewe haukuwa mraba! Fundi aliyelitengeneza sanduku hilo zamani alilikata kwa msumeno wa mkono, akalirandia kwa mkono, na kwa miaka yote hakuna aliyeona kasoro, kwa sababu hakukuwa na mstari wa kuisema. Mimi niliuegemeza ubavu wa kushoto kwenye reli, nikadhani ukingo wa mbele utafuata. Haukufuata. Katika zile milimita 180 za jina, hapo pekee palikuwa pameliwa milimita 2 na nusu.

Iliyobaki, milimita 1 na nusu, ilikuwa ni ya mashine. Tulitandika kipande cha plaiwudi, tukaiamuru ichore mraba wenye pande za milimita 300. Pande zote nne zilikuwa sawa kabisa. Wengi huishia hapo wakafurahi. Lakini pande nne zilizo sawa hazikuhakikishii mraba. Hata kitanda cha kamba kilicholegea miguu kina pande zilezile, nacho kimekwenda upande. Yapasa upime ulalo, yaani kutoka pembe hadi pembe inayoitazama. Mraba wa kweli wa milimita 300 una ulalo wa milimita 424 na robo, huku na huku. Sisi tulipata 426 upande mmoja na 422 na nusu upande wa pili. Boriti ilikuwa imetangulia kidogo upande mmoja na kuchelewa upande mwingine, kama wachukuzi wawili wa meza wasiokwenda hatua moja.

Waashi wetu wanaifahamu siri hii tangu zamani. Watandazapo kamba za msingi wa nyumba, hupima futi tatu upande huu, futi nne upande ule, na mshazari ukiwa futi tano kamili hujua kwamba pembe ni ya kweli. Kanuni hiyohiyo yaweza kutumika chini ya leza: milimita 180, 240, na 300. Sikuwa na sababu yoyote ya kuisahau, maana nilimwona marehemu baba yangu akiitumia alipojenga.

Dawa ya boriti iliyopotoka si ngumu. Katika mashine nyingi za aina hii, upande wa kushoto na wa kulia wa boriti huunganishwa kwa fimbo moja inayozungusha mikanda yote miwili. Unazima umeme kabisa, unalegeza skrubu za upande mmoja wa fimbo hiyo, unaivuta boriti mbele hata miguu yake yote miwili iguse fremu kwa pamoja, kisha unakaza. Sisi tulirudia mara tatu. Mara ya mwisho ulalo ukawa 424 na 424 na nusu, tukaridhika. Nusu milimita katika urefu huo hata Mama mwenye kidole chake asingeiona.

Sasa basi, nikueleze namna ninavyokipanga kipande tangu siku ile. Neno la kwanza ni hili: usikipange kipande kwa kuitazama fremu ya mashine. Fremu ni nyumba tu. Kinachoandika ni mwali, na mwali una njia yake. Ifanye mashine ijichoree yenyewe njia hiyo, kisha ulete kipande kwenye mchoro.

Tulinunua ubao wa plaiwudi mkubwa kupita mashine, tukaikaza miguu ya mashine juu yake kwa skrubu ili isisogee hata ikisukumwa na mtoto. Halafu tukaiamuru iunguze juu ya ubao huo mstari mmoja mrefu wa kulia na kushoto, karibu na upande wa mbele, na mwingine wa mbele na nyuma, kushoto. Mistari hiyo imebaki humo kama kovu. Sambamba na ule mrefu tukapigilia papi nyembamba iliyorandwa vizuri, ukingo wake ukifuata mstari mwanzo hadi mwisho. Sasa kitu chochote chenye ukingo ulionyooka, kikisukumwa hadi kuigusa papi, tayari kiko sambamba na mwendo wa mwali, bila ya jicho la mtu yeyote kuulizwa. Angalia tu kwamba papi iwe fupi kwa kimo kuliko kipande unachokiandika, la sivyo kichwa cha leza kitaigonga, na kikigonga, mota hupoteza hesabu yake na kazi yote huharibika kuanzia hapo.

Ukingo upi usukumwe kwenye papi? Hapo ndipo mashine inapokuachia wewe uamue. Kitu kilichotengenezwa kwa mkono aghalabu hakina pembe za kweli, kwa hiyo huwezi kuziridhisha kingo zote nne. Chagua ule ambao macho ya mtu yatausoma pamoja na maandishi. Katika sanduku lile ulikuwa ukingo wa mbele, wenye kitasa, kwa sababu jina limeandikwa juu yake na mtu hukaa mbele yake anapofungua. Ubavu wa kushoto na wa kulia zikitofautiana kidogo na herufi, hakuna atakayejua. Mathalani saa ya ukutani, ubao wake huufuati ukingo wa chini ambao haupo. Unaifuata tarakimu 12 na tundu la msumari.

Kuhusu vitu visivyo na ukingo ulionyooka, kama mwiko, nimeona watu wakivishika kwa vidole na kukisia. Njia iliyo bora ni boksi la katoni. Bandika kipande cha katoni juu ya ubao wa mashine kisisogee. Iamuru mashine ichore juu ya katoni, kwa nguvu ndogo, mstatili wa mahali maneno yatakapokaa. Weka mwiko juu ya katoni, mpini wake ukiufunika mstatili huo katikati, halafu zungusha penseli kuufuata mwiko wote. Kata kwa kisu ndani ya mstari wa penseli, na tundu litakalobaki ndilo kitanda cha mwiko. Mwezi wa Desemba mpwa wangu aliandika miko 40 ya zawadi za harusi kwa tundu moja la namna hii. Miko ya sokoni haifanani, mmoja mnene na mwingine mwembamba, kwa hiyo alihakikisha kwamba kila mmoja unasukumwa hadi kugusa upande uleule wa tundu. Miwili tu ndiyo iliyoharibika, nayo ni kwa sababu alikuwa akizungumza kwa simu.

Kipande kikishakaa, usiandike bado. Karibu programu zote za kazi hii, ikiwemo LightBurn na ile ya bure iitwayo LaserGRBL, zaweza kukizungusha kichwa kuufuata mpaka wa maandishi bila ya kuunguza, ili uone kazi itakaa wapi. Washa mwali kwa nguvu ndogo kabisa, nukta ionekane tu. Ipeleke nukta mwanzo wa ukingo, kisha mwisho wake. Usiridhike na katikati, maana katikati kila kitu huonekana kimenyooka. Nukta ikigusa ukingo mwanzoni na kuuacha mwishoni, kipande kimepinda, sogeza. Na kama kipande hakisogezeki, kama mlango au ubao mrefu, basi geuza mchoro badala ya kugeuza mti: LightBurn huweza kuonyeshwa nukta mbili juu ya kipande, nayo ikaukalisha mchoro sambamba nazo.

Lakini nakusihi, ewe msomaji, wakati wa kuitazama nukta hiyo ndio wakati mtu anapoharibu macho yake. Hamu ya kuona vizuri humfanya mtu ainame, achungulie chini ya kinga ya kichwa, asogeze uso. Mwanga wa buluu wa mashine hizi, wa nanomita 450 au karibu na hapo, hupita ndani ya jicho na kukusanyika nyuma kabisa kwenye ngozi ya kuonea, na ukiwa wa nguvu kamili huunguza kabla kope haijapata kufumba. Hata ukirudi kutoka kwenye skrubu inayong'aa ni hatari. Vaa miwani ya kinga iliyotengenezwa kwa ajili ya mwanga wa kipimo hicho. Miwani ya jua si kinga hata ikiwa nyeusi kama masizi. Watoto na watoke chumbani, na dirisha liwe wazi kwa ajili ya moshi. Wala usijaribu kuandika juu ya ngozi bandia ya plastiki, kama ile ya viti vya daladala: ikiwa ni ya PVC, moshi wake una gesi ya asidi inayochoma mapafu na kula chuma cha mashine yenyewe. Na usiondoke moto ukiwaka, hata kwenda kupokea mgeni.

Kimo nacho kina habari yake. Mwali hukutana katika nukta moja kwa umbali maalumu chini ya lenzi. Juu yake na chini yake hutanuka. Kipande kikiwa kimeinuka upande mmoja, herufi za mwanzo zitakuwa kali na za mwisho nene zenye ukungu. Pima kimo katika pembe zote nne. Penye upungufu tia karatasi iliyokunjwa.

Sasa kuna adui ambaye wakazi wa mijini hatuhitaji kufundishwa habari zake, naye ni umeme kukatika. Mashine ghali zina swichi za kikomo, na ziwashwapo huenda zenyewe kutafuta pembe ya kuanzia. Za bei nafuu hazina. Hizo, pale zilipokuwa wakati wa kuwashwa, ndipo huhesabu kuwa ni sifuri. Umeme ukikatika katikati ya herufi, kisha ukarudi, mashine itaamini kwamba katikati ya herufi ile ndio mwanzo wa dunia, na ukiiamuru iendelee itaandika kando kabisa. Jambo ambalo kila mtu hulifanya wakati huo ni kukitoa kipande na kukitazama kwa majonzi. Usikiguse! Kipande kikibaki pale kilipo, kazi inaokoleka. Zima swichi ya mashine kabla umeme haujarudi, vuta boriti na kichwa kwa mkono polepole hadi pembe ya mbele kushoto, viguse mwisho wa reli, ndipo uwashe. Sharti ni moja, kwamba tangu awali uwe umeanzia katika pembe hiyohiyo, na mchoro uhesabiwe kutoka hapo, wala si kutoka mahali kichwa kilipotokea kusimama. Baada ya hapo washa nukta, ilinganishe na mstari ulioungua, na uifute katika mchoro ile sehemu iliyokwisha andikwa.

Turudi kwenye sanduku. Mfuniko ulikuwa na unene wa milimita 14. Tuliupeleka kwa seremala mmoja Keko, mtu mzima mwenye randa ya mkono, tukamwuliza kama jina laweza kuondoka bila ya kuharibu mti. Aliugeuzageuza, akanusa pale palipoungua, akasema moto haukuingia sana. Akaranda milimita 1 na nusu, taratibu, akifuata mshipa wa mti, na jina likatoka katika maranda membamba kama karatasi, mengine yakiwa bado na herufi. Niliyaokota nikayatia mfukoni, sijui kwa nini. Sikuona vyema yafagiliwe.

Usiku ule tuliusukuma mfuniko kwenye papi. Upana wake milimita 250, jina milimita 180, kwa hiyo 35 kila upande. Tukashusha kichwa kwa kile kimo kilichopunguzwa na randa. Kisha tukafanya jambo ambalo lau ningalilifanya mara ya kwanza, nisingekuwa na habari ya kukuandikia: tulibandika juu ya mfuniko utepe wa karatasi, ule ambao wapaka rangi huziba nao kingo za madirisha, tukaandika jina lote juu ya karatasi kwa nguvu ndogo isiyovuka kufika kwenye mti. Jina likaonekana la kahawia hafifu. Tukapima kutoka mwanzo wa jina hadi ukingo, kisha kutoka mwisho wa jina hadi ukingo. Tofauti ilikuwa milimita 1.

Mpwa wangu alitaka kulaumu mashine, mimi nikataka kulaumu seremala. Tulipouinua mfuniko tukaikuta chembe ya vumbi la mbao, ngumu, imebanwa kati ya ukingo na papi upande wa kulia. Tukaipangusa, tukapangusa na papi yote, tukabandika karatasi mpya na kuandika tena. Safari hii rula ilisema 42 mwanzo, 42 mwisho. Tukabandua karatasi, tukavaa miwani, na mimi mwenyewe nikabonyeza kitufe.

Mama alikuja asubuhi. Tulikuwa tumekwisha rudisha bawaba na kitasa. Aliweka sanduku juu ya magoti, akapitisha kidole chini ya jina kama siku ile, kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi mwanzo. Halafu akafungua na kufunga, akafungua tena na kufunga, akasikiliza.

“Mlio wake umebadilika,” akasema. “Mfuniko umekuwa mwembamba?”

“Ndiyo, Mama. Kwa milimita moja na nusu.”

Akatikisa kichwa kukubali, akalifunga sanduku katika kanga. Yale maranda nilimpa siku ya pili, katika bahasha. Ameyatia humohumo ndani, pamoja na barua.